Maneno Ambayo Mjane Hakuyasema

Katika ibada ya kumbukumbu ya mke wangu, mwaka mmoja baada ya kumzika, nilisimama mbele ya mchungaji na mahema mawili ya kukodi nikanukuu maneno ya mwanamke ambaye hakuwahi kuyasema. Nilikuwa nimeyakariri wiki nzima. Nilisema hivi: "Mjane mmoja alisema, nyumba ni jeneza lenye madirisha. Afadhali barabara, kwa maana barabara haikuulizi umelia mara ngapi." Halafu nikanyamaza kidogo, kama wafanyavyo watu wenye hekima, ili maneno yaingie. Yakaingia. Mwenyekiti wa akina mama wa kanisa aliniomba nirudie ayaandike nyuma ya kijitabu cha nyimbo, nami nikarudia polepole kama mwalimu wa imla.

Binti yangu alikuwa mstari wa mbele. Nilimwona akifunika uso kwa leso nikafikiri analia, na kusema kweli nilijisikia vizuri. Si kila siku fundi wa nguo anawaliza watu bila kuwaharibia suti.

Wageni walipoondoka na sufuria kubwa zikarudishwa kwa wenyewe, binti alinifuata kwenye chumba changu cha kushonea akafunga mlango. Akaniambia yule mjane wangu, yule mama wa filamu aliyoninunulia, hakusema neno hata moja pale njia panda. Aliyesema ni dijei.

Sasa, dijei wa filamu, kwa msomaji ambaye ameponea, ni kijana anayechukua filamu ya watu wa ng'ambo, anapunguza sauti yao, na kuongea juu yake kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Anakueleza nani ni nani, nani anamtaka nani, na nani atakufa kabla hajafa. Mimi nilijua dijei yupo. Ningekosaje kujua, na sauti yake ni kama ya mtu anayeuza mitumba? Kosa langu ni kwamba nilidhani anatafsiri. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikapata alama nzuri tu ya Kiswahili, na bado niliamini kwamba mwanamke wa nchi ya theluji anaweza kukaa kwenye boneti ya gari na kusema, "Wadau, mzee wangu ameenda, sasa nirudi kwa keja ama nisonge na lami?" Keja ni nyumba, na lami ni barabara.

Najitetea kidogo. Mimi siangalii filamu, ninasikiliza. Macho yangu yako kwenye cherehani, kwa kuwa kola ya sare ya shule haishonwi kwa kusikia. Filamu yenyewe binti alikuwa ameninunulia Nchiru, ambako anasoma na kupanga chumba, ili nyumba yangu hapa Kinoru isinyamaze sana mchana. Alimwomba kijana wa duka la filamu kitu kinachohusu mtu aliyefiwa. Kijana akamjazia flashi. Mimi nikaichomeka kwenye televisheni, nikakanyaga cherehani, na kwa miezi mitatu yule mjane akazunguka nyuma yangu, akiongea Sheng ya vijana wa mjini na kunipa falsafa.

Ili kunionyesha kosa langu, Jumapili iliyofuata binti alikuja na filamu ile ile bila dijei. Aliniweka kwenye kiti, akanikataza kushika sindano, nami kwa mara ya kwanza nikaiona.

Ni hadithi ya mwanamke ambaye mumewe alikuwa akitengeneza zile saa kubwa za minara ya makanisa. Mume anakufa. Mwanamke anafunga nyumba, anachukua gari la kazi na masanduku ya spana, na kuanza kuzunguka kijiji hadi kijiji akirekebisha saa. Analala ndani ya gari. Anaosha uso kwa maji ya chupa. Watu wanamkaribisha chai naye anakubali chai, anakataa kitanda. Hiyo ndiyo filamu yote. Pale njia panda, ambapo mimi nilisikia hotuba, mwanamke anasimamisha gari, anakaa juu ya boneti na kumenya yai la kuchemsha. Analila lote akiangalia vilima. Anakung'uta maganda kwenye sketi. Anaondoka.

Nilimuuliza binti, "Sasa hapo anafikiria nini?"

"Hatuambiwi, baba."

"Kwani walisahau?"

Alicheka mpaka akalala kwenye kochi. Lakini mimi sikuwa nafanya mzaha. Nilirudisha pale mahali mara tatu, nikiangalia lile taya linavyotafuna, na kila mara nilizidi kuudhika. Mtu mzima, amefiwa, yuko peke yake barabarani, uso wake umejaa kitu, na hakuna wa kukuambia ni kitu gani. Nikamkumbuka dijei kwa huruma. Pengine hata yeye aliangalia lile yai akashindwa kuvumilia.

Ndipo nilipogundua kwamba uso ule niliujua. Niliuona kila wiki kwa miaka ishirini na tatu, ukishuka kutoka kwenye lori.

Katika ndoa yetu, mimi ndiye niliyekaa nyumbani. Mke wangu alikuwa mfanyabiashara wa ndengu. Jumanne alipanda lori kwenda Siakago, kule chini Mbeere, akanunua magunia kwa wakulima, na Jumatano au Alhamisi alirudi nayo soko la Meru. Mimi sijaumbwa kwa ajili ya gari. Tumbo langu linahesabu kona. Safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa Chuka, kwenye mazishi ya mjomba, na nilifika nikiwa katika hali ambayo waombolezaji walitaka kunipanga pamoja naye. Kwa hiyo tuligawana dunia: yeye akachukua barabara, mimi nikachukua ndani ya ua. Watu walinitania. Jirani yangu, mama mmoja anayefuga mbuzi wa maziwa ng'ambo ya ua wa miiba ya kayaba, aliwahi kuniambia kwamba siku nikionekana hata hapo Makutano tu watu watafikiri kuna kura. Mimi nilicheka nao. Nilipika, niliosha, nililea, nilishona. Mke akirudi nilimpa maji ya moto ya miguu, naye alikaa dakika kumi hivi bila kusema kitu, akiangalia ukuta. Uso ule. Kisha alikuwa akiuliza habari za mtoto na maisha yakaendelea.

Na sasa nilikuwa nimesimama hadharani, kwenye kumbukumbu yake, nikasema nyumba ni jeneza. Nyumba ni nani? Nyumba ni mimi. Hakuna kitu kingine pale ndani ambacho hakikuhama kwa miaka ishirini na tatu, ukiondoa kabati, na hata kabati tulilisogeza tulipopaka rangi.

Swali likaniganda. Mke wangu alikuwa anaenda kazini tu, au alikuwa ananikimbia? Na zile dakika kumi alizokuwa akiangalia ukuta, alikuwa anafurahi kufika au anahesabu siku mpaka Jumanne? Nilishona sare ya mtoto wa darasa la pili ikatoka na mikono miwili ya kushoto. Hapo nikajua sitatulia mpaka niende nikaulize.

Nilimpigia simu dereva wa lile lori. Kwenye mazishi alikuja, nakumbuka, akasimama mbali karibu na lango akaondoka kabla ya chakula. Nilipomwambia nataka anibebe mpaka Siakago, alisema, "Sawa, mzee. Saa yoyote unayotaka, mzee." Ilinishangaza. Mimi mtu hajawahi kuniambia saa yoyote ninayotaka. Hata wateja wangu huniambia wanayotaka wao.

Alikuja saa kumi na mbili asubuhi. Ni mtu wa kifua kikubwa, angeweza kunibeba kwapani kama kitambaa cha suruali. Alishuka, akapangusa kiti kwa fulana, akanifungulia mlango. Tulipofika Nkubu akaniomba ruhusa ya kununua kadi ya simu. Akaniomba ruhusa! Nikamruhusu, nikijaribu kuonekana kama mtu aliyezoea. Kwenye kona za Nithi tumbo langu lilifanya kama kawaida yake, na yule mtu mkubwa akasimama kando ya lori ameshika chupa ya maji, ameangalia upande mwingine kwa heshima, kama askari anayelinda mheshimiwa akijisaidia.

Tulipita Chuka. Tulipita Runyenjes. Kila kilomita baada ya Chuka ilikuwa rekodi yangu mpya, na sikuwa na mtu wa kumtangazia. Niliangalia majani ya chai yakiisha, kahawa nayo ikiisha, na baada ya Embu, tulipokunja kuelekea chini, udongo ukaanza kubadilika rangi na joto likaingia dirishani. Hapo dereva akapunguza mwendo, akaegesha kando ya barabara, mahali penye mawe.

Alisema hapo mama, ndivyo alivyomwita mke wangu, alikuwa akitaka dakika kumi. Kila wiki. Alikuwa anashuka, anakaa kwenye lile jiwe bapa, anakula ndizi moja, anarudi. Haongei. Yeye dereva alikuwa anabaki ndani.

Nilishuka nikakaa kwenye jiwe. Sikuwa na ndizi, na baada ya Nithi hata nisingethubutu. Mbele yangu nchi ilikuwa imeshuka yote, kavu, pana, na miti mifupi iliyotawanyika kama vifungo vilivyomwagika, na huko mbali bonde likiwa na ukungu wa joto. Nilikuwa nimesafiri kilomita zote hizo ili nijue mtu anafikiria nini akiwa peke yake mahali kama hapa, kwa hiyo nikakaa wima nikangoja nifikirie. Nakuambia bila aibu kilichokuja: je, ile pasi ya makaa niliiweka juu ya bati au juu ya ubao? Nikaifukuza pasi. Ikaja kola. Nikaifukuza kola. Nikajaribu huzuni, kwa makusudi, nikamtaja mke wangu kwa jina lake la nyumbani, na kilichonijia ni kwamba alikuwa na tabia ya kuacha maganda ya ndizi mfukoni mwa koti, na mimi ndiye niliyekuwa nikiyatoa kabla ya kufua. Nililalamika miaka yote. Sikuwahi kuuliza ndizi yenyewe inaliwa wapi.

Hapo huzuni ikaja bila kuitwa, na nilikaa zaidi ya dakika kumi.

Niliporudi kwenye lori nilimuuliza dereva waziwazi kwa nini ananiogopa. Alikataa kwanza. Akashika usukani kwa mikono yote miwili na gari limezimwa. Kisha akasema:

"Mama alituambia wewe ni mkali, mzee. Ati siku moja alichelewa ukamfungia nje mpaka asubuhi. Mimi hizi kona nimeendesha miaka kumi nikikuogopa wewe kuliko polisi."

Nilimwomba arudie. Akarudia, na akaongeza. Kumbe huko barabarani mimi nilikuwa simba. Wenzake wakitaka kusimama mahali wanywe, mama anasema mzee wake anaangalia saa. Mkulima akivuta bei juu, mama anasema mzee wake atamuua akirudi na bei hiyo. Mtu akimchekea vibaya, mama anamwambia aje Meru amwambie mzee wake hayo hayo. Kuhusu kufungiwa nje, ukweli ni huu: siku hiyo mimi ndiye niliyepoteza ufunguo, nikajifungia nje pamoja na mtoto, na mke wangu aliporudi ndiye aliyepanda dirishani akatufungulia. Nilimweleza dereva. Aliniangalia kutoka kichwani mpaka kwenye viatu, nikaona miaka kumi ya woga ikimtoka taratibu. Kuanzia pale mpaka Siakago hakuniomba ruhusa ya kitu chochote, na hata redio alifungua kwa sauti anayoitaka yeye. Nilijutia ukweli wangu.

Siakago tulifikia kwa mama mmoja mkulima, mtu mzima, aliyekuwa akimuuzia mke wangu ndengu tangu mwanzo. Alikuwa akipepeta uani. Dereva aliponitambulisha alishusha ungo, akaniangalia, akaniuliza kama ni mimi kweli. Nikasema ni mimi. Akauliza, "Kumbe ni mdogo hivi?" Kisha akacheka, akafuta macho, na sikujua anafuta kicheko au kile kingine, maana vilikuja pamoja. Alinipa uji wa mtama kwenye kibuyu na kiti cha miguu mitatu. Kiti hicho, alisema, ndicho mke wangu alichokuwa akikalia.

Nilikaa. Kilikuwa kifupi. Nikamwambia kwamba sikuja kwa ndengu, nimekuja kuuliza jambo moja, na anijibu bila kunihurumia. Mke wangu akiwa hapa, alikuwa na haraka ya kurudi nyumbani, au hakuwa nayo?

Alipepeta ungo mzima kwanza. Ndipo akasema mke wangu alikuwa akifika tu, kabla hata ya kushusha kikapu, anauliza lori linarudi saa ngapi. Moyo wangu ukapanda. Lakini, akaendelea, kulikuwa na siku lori linaondoka mapema bila yeye, na akiambiwa limeenda anavua viatu, anakaa pale pale nilipokaa, anaambua kunde mpaka jua linazama, na huoni kama amekasirika. Ukimuuliza kama mzee hatagomba, anasema acha agombe. Siku hizo alikuwa akiimba kidogo. Moyo ukashuka.

"Sasa ni ipi?" nikamuuliza.

"Ni zote. Kwani mtu ni mmoja?"

Hakuwa na lingine la kunipa isipokuwa kunde, akanifungia kwenye kitambaa. Njia nzima ya kurudi nilikuwa na kile kifurushi mapajani, nikijaribu kupima. Haraka ya kurudi upande huu, kuimba upande ule. Dereva alinishauri, kwa sauti ya mtu ambaye haniogopi tena, kwamba nifumbe macho kwenye kona. Nilipofumba nilimwona mwanamke amekaa kwenye jiwe anakula ndizi, kisha jiwe likawa boneti, na ndizi ikawa yai, na nilikuwa karibu kabisa kusikia anachosema. Halafu tukafika Nithi nikahitaji dirisha.

Siku iliyofuata nilienda kwenye ua wa kayaba. Jirani yangu alikuwa akimkamua mbuzi mmoja mkaidi, amembana kichwa kwa magoti, na mimi nikammwagia habari yote kuanzia kumbukumbu, kwa sababu yeye naye alikuwa hemani siku hiyo na alikuwa amepiga makofi. Nilimweleza dijei ni nani, na mjane asiyeongea, na jiwe, na jinsi nilivyokuwa simba. Hapo kwenye simba alitikisika mpaka mbuzi akapiga ndoo teke. Nilimweleza kiti cha miguu mitatu na kunde na kuimba. Nilimweleza kwamba nafikiria kurudi Siakago mwezi ujao, pengine kuna mkulima mwingine anayejua zaidi, na binti ameniahidi kunitafutia filamu nyingine za watu wa barabarani, zisizo na dijei, ili nijifunze kusoma nyuso. Nikamuuliza yeye, kama mwanamke na kama mtu aliyemjua marehemu, anaonaje: mke wangu alikuwa akikimbia nyumba au akiikimbilia?

Alimwachilia mbuzi. Akasimama, akachungulia ndani ya ndoo kuona kama kuna maziwa yaliyobaki, kisha akaniangalia juu ya ua.

"Fundi, si ungemuuliza tu? Miaka ishirini na tatu mlikuwa mnalala kitanda kimoja."